Diski ya nje inakopi polepole? Anza na kebo kabla hujanunua ingine

Sisi tunaopiga video za harusi na matanga huku Kisumu tunajua vile Jumamosi usiku inakaa. Umetoka Siaya saa mbili usiku, mwili umechoka, kadi nne za kamera zimejaa, ukijumlisha ni karibu GB 200, na kesho saa moja asubuhi unatakiwa Kakamega kwa harusi na kadi ni hizo hizo. Hauwezi kufomati kadi kabla kazi ya watu haijaingia kwa diski, na mimi sifomati mpaka iwe kwa diski mbili, kwa sababu mazishi hayarudiwi, ukipoteza ile video ya mzee akiagwa na wajukuu wake hakuna pesa utalipa itulize hiyo familia. Sasa unachomeka diski, unaanza kukopi, dirisha linakuambia saa moja na dakika 35. Alafu diski ya pili nayo saa moja na dakika 35 ingine. Yaani ukimaliza ni usiku wa manane na saa kumi na moja uko barabarani.

Niliteseka hivyo karibu mwaka mzima nikiamini diski yangu imezeeka. Nikajikaza nikanunua ingine mpya ya TB 2, nikaichomeka kwa kebo iliyokuwa tayari kwa meza, na spidi ikawa ile ile, MB 35 kwa sekunde, haipandi haishuki. Hapo ndio nilianza kuangalia kila kitu kimoja kimoja, na ninachoandika hapa ndio ile njia nilifuata, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa kabla sijatoa pesa.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba data ni kama maji. Inatoka kwa kadi, inapita kadi rida, inaingia kompyuta, inatoka kwa poti (lile tundu la USB), inapita kebo, inafika kwa diski, na pale pembamba kuliko pote ndio panaamua spidi ya safari nzima. Ukiwa na tenki kubwa kule juu na paipu nyembamba hapo katikati, kuongeza tenki hakukusaidii. Kwa hivyo kazi yetu ni kutafuta pale pembamba, na kupapata unahitaji kupima kabla ya kugusa kitu chochote.

Kupima si ngumu. Chukua faili moja kubwa, video ya GB 5 ama zaidi, moja tu, usichukue folda, ikopi kutoka kwa kompyuta kwenda kwa diski, na kwa lile dirisha la Windows bonyeza "More details" utaona mchoro na namba ya MB kwa sekunde. Sekunde za kwanza usiziamini, data inaweza kumwagwa kwa RAM kwanza kwa hivyo namba inaruka juu sana, ngoja nusu dakika hivi ndio uandike namba. Alafu irudishe, kutoka kwa diski kuja kwa kompyuta, uandike hiyo pia. Namba hizo mbili zitakuambia mengi.

Ukiona 30 hadi 40 na mstari umelala flati kama barabara ya Ahero, hiyo ni USB 2.0, ile ya zamani ya spidi ndogo, hata kama diski imeandikwa USB 3.0 kwa boksi. Ukiona 100 hadi 130 na diski yako ni ile ya sahani inayozunguka ndani, sio SSD ambayo haina kitu cha kuzunguka, basi umeshafika mwisho wa uwezo wake, usipoteze usiku wako kutafuta zaidi. Ikianza vizuri na baada ya dakika kadhaa ianguke mpaka 20 ama 10, shida iko ndani ya diski yenyewe, tutaifikia. Na ikiwa faili kubwa inaenda vizuri lakini folda zako zinaenda MB 2 ama 3, shida ni udogo wa faili, hiyo pia iko na dawa yake.

Sasa tuanze na kebo, kwa sababu ndio ilinikula pesa. Diski nyingi za mfukoni ziko na ule mdomo mpana uliogawanyika mara mbili, upande mmoja unafanana kabisa na mdomo wa simu za zamani za micro. Kumbe kebo ya kuchaji simu, ile ya micro, inaingia kwa huo upande na diski inawaka na kufanya kazi kama kawaida, lakini kwa USB 2.0 peke yake, kwa sababu zile pini za spidi ziko kwa ule upande mwingine ambao haujaguswa. Hakuna onyo lolote la maana, kila kitu kinaonekana sawa. Hiyo ndio ilikuwa kebo ya meza yangu. Nilipotoa kebo iliyokuja na diski mpya kwa boksi, namba ikaruka kutoka 35 mpaka 112, na ile diski ya "zamani" niliyokuwa nimeilaumu nayo ikafika 100. Kwa hivyo angalia kebo yako sasa hivi: ile ya USB 3.0 kichwa cha upande wa diski ni kipana na kimegawanyika, na upande wa kompyuta mara nyingi plastiki ya ndani ni ya bluu. Kama diski yako ni ya Type-C ndio uangalie zaidi, kuna kebo nyingi sana za Type-C zinazouzwa mtaani ambazo ni za kuchaji, data zinapitisha kwa USB 2.0 tu na kwa macho hazitofautiani na zile nzuri. Ukienda dukani beba diski na laptopu, pima pale pale kwa kaunta kabla ya kulipa. Na chukua fupi, nusu mita inatosha, kebo ndefu ya bei ya chini inaangusha umeme na data pamoja.

Baada ya kebo ni poti. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000 na spidi yake kwa karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate megabaiti 60, na kwa kazi ya kweli unapata ile 30 hadi 40. USB 3.0 ya 2008 ni gigabiti 5, ambayo ni zaidi ya mara kumi. Huku kwetu wengi tunatumia zile laptopu za ex-UK na hapo ndio kuna mtego: ThinkPad T420 poti zake zote ni USB 2.0, T430 iliyokuja 2012 iko na mbili za bluu ambazo ni 3.0, na ile ya njano kwa T430 ni ya kuchaji simu hata mashini ikiwa imezimwa, ni USB 2.0, usiiweke diski hapo. Laptopu zingine poti zote ni nyeusi, hizo tafuta alama ya SS kando ya poti, ama chungulia ndani na tochi ya simu, 2.0 iko na pini nne, 3.0 iko na zingine tano ndogo za ziada. Kwa wenye desktopu chomekeni nyuma, moja kwa moja kwa bodi, zile poti za mbele zinapitia kawaya ka ndani ambako saa zingine fundi alikachomeka kwa USB 2.0 ama hakukakaza vizuri.

Kama bado uko kwa Windows 7, yenyewe haikuja na draiva za USB 3.0, inabidi uzishushe kutoka kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashini, bila hizo hata poti ya bluu haikufai. Kuanzia Windows 8 ziko ndani tayari. Wenye Linux andikeni lsusb -t kwa terminal, ukiona 480M kando ya diski yako jua uko 2.0, ukiona 5000M uko sawa. Na kuna kitu kidogo ambacho watu hawaamini mpaka wajaribu: ukichomeka plagi ya USB 3.0 polepole sana, zile pini za mbele zinagusana kwanza na diski inashikwa kama 2.0. Itoe vizuri, ichomeke tena kwa mara moja, uangalie namba.

Habu, kile kifaa cha kugawa poti moja iwe nyingi, usitumie kama hauna lazima. Poti ya USB 2.0 imepangiwa kutoa miliampia 500 na ya 3.0 miliampia 900, na diski ya kuzunguka inahitaji umeme wa maana ikianza kuzunguka, sasa ukiweka habu isiyo na chaja yake na juu yake mausi, modemu na diski, unasikia tik, tik, diski inapotea na kurudi. Vijana wangu walikuwa wakiniambia, "Omera, hii diski imekufa," na ilikuwa njaa ya umeme tu.

Sasa angalia huko data inatoka, hapa watu wengi wanaparuka. Soma maandishi juu ya kadi: ya Class 10 inakuhakikishia kuandika MB 10 kwa sekunde tu, ile ya U3 ama V30 ni MB 30, na kadi za UHS-I (zile zenye alama ya I) kwa rida ya kawaida hazipiti MB 104. Kama kadi rida yako ni ile ya bei rahisi ya USB 2.0, hiyo ndio paipu yako nyembamba na diski haina makosa. Mimi nilikuwa nimechomeka kamera yenyewe kwa kebo yake, ikanipa MB 20 na kitu, nilipopata kadi rida ya 3.0 ikapanda mpaka 85 na kadi ni ile ile. Simu pia ni hivyo, nyingi zinatoa faili kwa USB 2.0, kwa hivyo video za simu zikichelewa usilaumu diski. Na kama ndani ya laptopu yako kuna diski ya zamani ya kuzunguka, hiyo nayo ina kikomo chake, huwezi kutoa 300 kwa kitu kinachosoma 90.

Haya, faili ndogo ndogo. Kuna kijana wa chuo kule Maseno aliniletea diski yake akilia kwamba folda ya GB 8 inachukua zaidi ya saa nzima. Nikafungua nikapata faili kama 90,000 ndani, picha ndogo na vifaili vya programu yake. Diski ya kuzunguka iko na kichwa kinachosoma, na kila faili kichwa lazima kiruke mahali pa kuiandika, kiruke tena mahali pa kuandika jina lake, na kila mruko ni kama milisekunde 10 hadi 15. Piga hesabu, kila faili ikichukua miruko mitatu ya milisekunde 12, kwa faili 90,000 hizo ni dakika 54 za kuruka tu, hata kabla ya data yenyewe. Hakuna kebo itakuokoa hapo. Dawa ni kuzifunga ziwe faili moja: fungua 7-Zip, programu ya kufunga faili, chagua folda, kwa "Compression level" weka "Store" kwa sababu picha na video hazipungui tena hata uzikande vipi, na iambie iandike hiyo faili moja kwa moja kwa diski ya nje. Kama ndani ya kompyuta yako kuna SSD utashangaa, ile ya kijana ilimaliza dakika chache tu. Kufungua utafungua ukifika nyumbani, na kama ni bekapu ya kuweka tu usifungue kabisa.

Kitu kingine kwa hiyo hiyo hoja ya kichwa: kopi kitu kimoja kwa wakati. Nimeona mtu amefungua madirisha manne ya kukopi kwa diski moja akifikiri anaokoa muda, kumbe kile kichwa kinakimbia huku na kule na zote nne zinatambaa. Panga foleni, moja ikiisha ndio ingine ianze.

Kwa kazi ya kurudiwa rudiwa mimi natumia robocopy, amri ya kukopi iliyo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt uandike robocopy "D:\Kazi" "E:\Kazi" /E na uache, ya kwanza ni folda unayotoa, ya pili ni ya diski unayopeleka, weka zako. Uzuri wake ni kwamba stima ikipotea katikati, ikirudi unaandika maneno yale yale na inaruka zile zilizokwisha inaendelea na zilizobaki, hauanzi mwanzo. Kwa faili nyingi ndogo unaweza kuongeza /MT:8, inayokopi faili nane kwa pamoja, uone kama inasaidia, kwa video kubwa achana nayo. Lakini usikopi kutoka mtandaoni amri yenye /MIR bila kuielewa, hiyo inafuta kwa diski kila kitu ambacho hakiko kwa kompyuta, na najua mtu alipoteza harusi mbili hivyo.

Tukuje kwa mpangilio wa Windows. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, mwishoni mwa 2018, diski za nje zinawekwa kwa "Quick removal", yaani Windows haiweki data kwa kungojea, inaandika papo hapo ili ukichomoa bila kuaga usiharibu kitu. Unaweza kubadilisha: bonyeza Start kwa kidole cha kulia cha mausi, "Device Manager", "Disk drives", bonyeza diski yako mara mbili, nenda "Policies", chagua "Better performance" na uweke tiki kwa "Enable write caching on the device". Ile ya pili ya chini yake inayotaja "buffer flushing" iache bila tiki. Kuandika kunakuwa kwepesi, hasa kwa faili ndogo. Lakini hapa nasema kwa herufi nzito moyoni: ukiwasha hii lazima u-ejekti (uiage kwa "Eject") kila mara kabla ya kuchomoa, na kama unatumia desktopu bila UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, usiiwashe kabisa, ile mvua ya Aprili hapa Kisumu ikianza stima inapotea bila hodi na chochote kilichokuwa kinangoja kuandikwa kimekwenda. Laptopu yenye betri nzima haina shida.

Fomati ya diski, yaani mtindo wa kupanga faili ndani yake, pia inahesabika. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, kwa hivyo kama unakatakata video ndio ziingie, hama hapo. Kama ni Windows tupu weka NTFS, kama kuna mtu wa Mac mnayefanya kazi pamoja weka exFAT, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki. Ujue exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS, stima ikikatika ikiandika ni hatari zaidi. Na kama NTFS yako inaonyesha vimishale viwili vya bluu juu ya folda, mtu aliwasha kompreshoni, izime, kwa video haipunguzi kitu na inachelewesha tu. Kufomati kunafuta kila kitu, hamisha kwanza.

Kuhusu antivairasi, inasoma kila faili inayopita na hiyo inachukua muda, lakini mimi siizimi. Nimetoa folda yangu ya kamera peke yake kwa ukaguzi, kwa sababu najua hizo faili zimetoka wapi. Flashi ya mteja kutoka saiba lazima ikaguliwe, ichelewe itakavyo.

Sasa ile ya kuanza 110 na kuanguka mpaka 15. Hii nilihangaika nayo sana mpaka nikaelewa vile diski zimetengenezwa. Diski nyingi ndogo za mfukoni siku hizi zinaandika kwa mtindo unaoitwa SMR, ambapo mistari ya data imelaliana kama mabati kwa paa. Mabati yakilaliana unaokoa nafasi, lakini ukitaka kubadilisha bati la chini lazima uinue yaliyolala juu yake kisha uyarudishe. Ndio diski inafanya hivyo hivyo: data mpya inaiweka kwanza mahali pa muda, haraka, na ile sehemu ikijaa inabidi ianze kuinua na kupanga huku wewe bado unamwaga, na spidi inaanguka. Sio ugonjwa. Unachofanya ni kuipa nafasi ya kupumua: usiijaze kupita asilimia 80 hivi, ukishamaliza kukopi iache imechomekwa dakika kumi na tano ama ishirini taa ikiwaka yenyewe ndio inapanga mabati yake, na usiedit video ndani yake, hiyo diski ni ya kuweka tu. Kujaa kunachelewesha hata diski isiyo ya SMR, kwa sababu inaanza kuandika kwa ukingo wa nje ambapo sahani inapita kwa kasi na kuingia ndani taratibu, kule ndani karibu na katikati spidi inaweza kuwa nusu ya ile ya mwanzo.

Ukifanya hayo yote na bado inakwama, inasimama sekunde kumi, inaenda, inasimama, hebu angalia afya yake. Shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure, uangalie mistari ya 05, C5 na C6, hizo zinahesabu sehemu za diski zilizoharibika ama zinazoshukiwa. Namba za mwisho zikiwa sufuri sawa. Zikiwa na hesabu na ukipima wiki ijayo zimeongezeka, achana na mambo ya spidi, kopi vitu vya maana kwanza usiku huo huo, usidifragi (kupanga upya faili ndani yake), usikimbize chkdsk /r (amri ya kutafuta sehemu mbovu), kila dakika ya kazi unaisukuma karibu na mwisho. Joto pia angalia hapo hapo, Kisumu mchana chumba chenye mabati kinachemka, mimi diski ikipita nyuzi 50 naipumzisha, na siiweki juu ya blanketi wala juu ya laptopu.

Ukipata pesa kidogo na unataka kuruka kutoka hiyo 110, hapo ndio kununua kunaleta maana, na ununue SSD. Hata ile SSD ya SATA iliyotolewa kwa laptopu ya zamani ukiiweka kwa kasing (boksi lake la nje) ya USB 3.0 yenye UASP, njia mpya ya kupitisha data kwa USB, inafika MB 400 kwa sekunde bila shida, na haina kichwa cha kuruka kwa hivyo zile faili ndogo zinapita vizuri. Hii usiidifragi. Jihadhari tu na zile flashi na SSD za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya kebo, ndani unakuta kadi ya GB 32 iliyodanganywa ionyeshe TB 2, inapokea data yako huku inaandika juu ya ile ya kwanza. Kabla ya kuiamini na kazi ya mtu ijaze yote na programu ya H2testw, ikileta makosa irudishe.

Jumamosi iliyopita nilitoka Ugunja na kadi nne kama kawaida. Kadi zikaingia kwa laptopu kwa rida ya 3.0, alafu diski ya kwanza kwa poti ya bluu na kebo yake ikachukua dakika 32, ya pili karibu hivyo hivyo nikiwa nakula. Nikafungua klipu ya kwanza na ya mwisho ya kila kadi kutoka kwa kila diski, nikazicheza, nika-ejekti, nikangoja taa izime, nikachomoa, na ndio nikarudisha kadi kwa kamera nikazifomati ndani ya kamera yenyewe. Saa tano kasorobo nilikuwa kitandani.